Promota mwenye h ya 58 au mwenye h ya 9? Jibu kwa asistanti wa Bukavu

Swali

Jambo Docta. Mimi ni asistanti hapa Bukavu, nafanya bayolojia ya molekuli, na mwaka huu natafuta promota, yaani msimamizi, wa teze yangu ya jenomiki, elimu ya kusoma jenomu. Wawili wamenikubali. Wa kwanza yuko Ulaya: ana makala zaidi ya 200, ametajwa na watafiti wengine mara 31,000, h yake, kile kipimo cha kutajwa, ni 58. Wa pili ni profesa wa kwetu Kivu: makala 19, ametajwa mara 400 na kidogo, h yake ni 9. Wenzangu wa idara wananiambia hakuna cha kufikiri, namba zimeshasema. Mimi mwenyewe nina makala moja tu, ya virusi vya mihogo, ambayo kwa miaka miwili imetajwa mara 3, na nikiitazama nakata tamaa. Namba hizi zinapima nini hasa? Na nimchague nani?

Jibu kutoka Goma

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu yamo maswali mawili ndani yake. Moja ni la namba. Lingine ni la miaka minne au mitano ya maisha yako ambayo utaiweka mikononi mwa mtu. Nianze na namba, maana hapo ndipo wenzako waliposimama wakadhani wamefika.

Kipimo cha h kilitolewa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake ni nyepesi. Panga makala za mtu kuanzia iliyotajwa zaidi hadi iliyotajwa kidogo, kisha shuka nazo ukihesabu. Ukikuta makala ya tisa imetajwa angalau mara 9, na ya kumi haijafika mara 10, h ni 9. Chukua mtu mwenye makala tano zilizotajwa mara 90, 40, 12, 5 na 3: h yake ni 4. Sasa toa ile 90 uweke 9,000. H bado ni 4. Halafu h haishuki kamwe. Mtafiti akiacha maabara leo akaenda kuvua sambaza ziwani, h yake inaweza kuendelea kupanda miaka mingi bila yeye kugusa pipeti. Umri wa mtu katika kazi umejificha humo ndani, kwa hiyo kabla ya kulinganisha 58 na 9 tazama kila mmoja alichapisha makala yake ya kwanza mwaka gani. Hirsch mwenyewe, mwaka 2020, aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Lakini katika makala ile ya 2005 kuna jambo moja ambalo watu hulipita, nalo linakufaa. Hirsch aliona kwamba kwa watafiti wengi, jumla ya kutajwa kwao hukaa kati ya mara 3 na mara 5 ya h ikizidishwa kwa yenyewe. Tufanye hesabu hiyo kwa watu wako. Profesa wa Kivu: 9 mara 9 ni 81, na 400 na kidogo ni kama mara 5 ya hapo. Ni kawaida kabisa. Profesa wa Ulaya: 58 mara 58 ni 3,364, na 31,000 ni zaidi ya mara 9. Hiyo si kawaida. Inaashiria kwamba zipo makala chache, labda tatu, labda sita, zilizobeba sehemu kubwa ya ile 31,000. Sisemi kuna udanganyifu hapo. Ninachosema ni kwamba ni lazima uzifungue hizo chache ujue ni za nini na yeye alifanya nini ndani yake.

Katika jenomiki, makala za namna hiyo mara nyingi huwa za aina mbili.

Aina ya kwanza ni mbinu na programu. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha orodha ya makala 100 zilizotajwa zaidi katika historia ya sayansi. Ili kuingia humo makala ilihitaji kutajwa mara 12,119. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye myeyuko: zaidi ya mara 300,000. Makala ya Sanger ya 1977 ya kusoma mfuatano wa DNA imo. BLAST ya 1990, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, imo, na Clustal W ya 1994, ya kuipanga mifuatano sambamba, imo. Wewe uliyefanya kazi ya virusi vya mihogo bila shaka umepita kwenye BLAST mara nyingi kuliko unavyoweza kukumbuka, na ulipoandika uliitaja, kama inavyopaswa. Ile ya Watson na Crick ya 1953, iliyotuonyesha umbo la DNA yenyewe, haimo katika hizo 100. Hakuna anayedhani kwamba kupima protini ni ugunduzi mkubwa kuliko umbo la DNA. Ila kila anayepima protini anamtaja Lowry, na anayeongea juu ya DNA leo hana haja ya kumtaja mtu; jambo limekuwa mali ya wote.

Mimi siwadharau watu wa mbinu. Aliyetengeneza programu inayosoma data za jenomu za nusu ya dunia amefanya kazi kubwa, na kama promota wako wa Ulaya ndiye aliyeandika programu ya namna hiyo kwa mkono wake, basi mng'ang'anie, atakufundisha mambo ambayo sisi huku tunajifunza kwa kuhangaika. Jambo ni kujua kama ni yeye.

Aina ya pili ni makala za miungano mikubwa. Rasimu ya jenomu ya binadamu ya Februari 2001 ilitoka na safu ndefu ya waandishi, na tangu hapo ndivyo kazi zetu zinavyokwenda: vituo vingi, nchi nyingi, majina mia na zaidi. Mwaka 2015 ilitoka makala ya jenomu za nzi wa matunda yenye waandishi zaidi ya 1,000, wengi wao wanafunzi waliosahihisha vipande vya mfuatano. Kila mmoja wao anahesabiwa kila makala hiyo inapotajwa, sawa na aliyeiongoza. Mtu anaweza kuwa alitoa sampuli 40, au alihudhuria mikutano miwili, na kutajwa mara 5,000 kukaingia kwenye hesabu yake. Hilo halimfanyi mwongo. Linaifanya ile namba isiweze kujibu swali lako.

Kwa hiyo fanya hivi: toa makala tano za juu kwenye orodha yake, kisha tazama zilizobaki. Na katika zilizobaki tazama nafasi ya jina. Katika biolojia ya molekuli safu ya majina ina sheria ambayo haikuandikwa popote lakini wote tunaifuata. Wa kwanza ndiye aliyeshika kazi kwa mikono na mara nyingi ndiye aliyeandika. Wa mwisho ndiye mwenye maabara, mwenye wazo na fedha. Walio katikati walisaidia, na kusaidia kuna viwango vingi sana.

Hapa naomba univumilie, kwa sababu jambo hili kwetu lina historia, na historia hiyo ndiyo inayonifanya nijibu kwa urefu.

Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipozuka Yambuku, Jean-Jacques Muyembe-Tamfum alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumwa kutoka Kinshasa. Alichukua damu za wagonjwa bila glavu. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji. Makala za kwanza za kutangaza kirusi kipya, kile cha Ebola, zilizotoka katika The Lancet mwaka 1977, hazikuwa na jina la Muyembe. Ruka miaka 42. Desemba 2019 lilitoka jaribio la dawa za Ebola lililofanyika hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likiwa na wagonjwa 681. Lilionyesha kwamba dawa mbili ziliokoa watu zaidi ya nyingine, na moja kati ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Tazama safu ya majina: wa kwanza ni Sabue Mulangu, wa mwisho ni Muyembe-Tamfum. Mwaka 1977 jina halipo. Mwaka 2019 limekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hakuna h itakayokuonyesha safari hiyo, lakini kwa Mkongo anayechagua promota ndiyo safari yenye maana.

Mimi pia nimepita upande ule wa 1977, kwa kiwango kidogo. Nikiwa asistanti nilikusanya sampuli miezi saba, nikazitunza kwenye friza iliyokuwa ikitegemea jenereta, usiku naamka kwenda kutazama kama bado inanguruma. Sampuli zikaenda ng'ambo kwenye maabara moja. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye aya ya shukrani, pamoja na madereva. Madereva walistahili shukrani zile, tena sana. Mimi nilistahili kuwa mwandishi. Hakuna hifadhidata inayohesabu shukrani, na kwa namba makala ile haijawahi kuwa yangu hata kwa siku moja. Ndiyo maana, dada, mtu akiniambia "namba zimeshasema", namuuliza zimesema juu ya nani.

Sasa tumtazame huyu wa kwetu mwenye 19 na h ya 9. Sitaki umwonee huruma, wala sitaki umpe nafasi kwa sababu ni wa nyumbani. Nataka umsome sawasawa.

Anza na mahali namba ilipotoka. Google Scholar, Scopus na Web of Science, hifadhidata zinazohesabu kutajwa, zitakupa h tatu tofauti za mtu mmoja. Google Scholar huhesabu karibu kila kitu inachokiona, pamoja na teze na makala za awali ambazo hazijapitiwa na wahakiki, kwa hiyo namba yake huwa juu. Hizo mbili nyingine huchagua majarida, na majarida ya Kifaransa yanayochapishwa Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu mengi hayamo. Mtafiti aliyeandika nusu ya maisha yake kwa Kifaransa, kwa ajili ya wataalamu wa kilimo na madaktari wa nchi hii, amefanya kazi ambayo vipimo hivyo haviioni. Kama namba za mmoja umezitoa kwenye hifadhidata moja na za mwingine kwenye nyingine, linganisho lako limevunjika kabla hujaanza.

Kisha kuna majina yetu. Tangu sheria ya Mobutu ya 1972 tunaandika jina, postinomu (jina la pili la kwetu), na baadaye prenomu (jina la ubatizo) imerudi. Kompyuta za Ulaya zimezoea mtu mwenye jina moja la ukoo. Makala moja inakuandika kwa jina, nyingine kwa postinomu, ya tatu inalifanya jina lako kuwa herufi na kuiacha prenomu isimame kama ukoo. Mtu mmoja anagawanywa watu watatu, kila mmoja na h yake ndogo. Wengi wa wenzetu wameshika kistari, Muyembe-Tamfum, Mbala-Kingebeni, na kistari kile kinayashikanisha majina yasitengane. Mtafute profesa wako kwa kila namna jina lake linavyoweza kupangwa. Sitashangaa ukikuta makala 26 badala ya 19.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye jambo lenyewe: kazi zake zilibadilisha nini?

Nitakupa mfano wa jirani. Kuanzia Septemba 2023 wagonjwa wa mpox walianza kuongezeka Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, barabara unaijua. Watafiti wa Kongo pamoja na wenzao wa nje walisoma jenomu za kirusi kile wakaona ni tawi jipya la ukoo wa kwanza, linaloenda kutoka mtu hadi mtu. Leo linaitwa Ib. Wakaona pia kwamba kirusi hicho kimepoteza kipande cha jenomu ambacho kipimo kimoja cha PCR cha kutambua ukoo wa kwanza kilikuwa kinakitegemea. Maana yake kipimo kile kilikuwa kikimkosa mgonjwa aliye mbele yake. Makala ilitoka Nature Medicine mwaka 2024, mwandishi wa kwanza Emmanuel Vakaniaki wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Makala hiyo imetajwa sana, ndiyo. Lakini thamani yake kwa mama wa Kamituga ilikuwa kamili siku ile waliposema "msitegemee kipimo hiki", na siku hiyo ilikuwa haijatajwa hata mara moja.

Mfano mwingine ni wa Kivu Kaskazini, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amepona aliugua tena baada ya miezi kama sita. Swali likawa: ameambukizwa upya, au ni ugonjwa ule ule umerudi? Kwa macho huwezi kujua. Jenomu za kirusi kutoka magonjwa yake mawili ziliposomwa, zilikuwa karibu sawa: kirusi kilikuwa kimebaki mwilini. Na kutoka kwake ulitoka mnyororo wa wagonjwa 91. Tangu hapo huduma kwa waliopona haiwezi tena kuonekana kama jambo la hisani tu. Ni sehemu ya kuzuia mlipuko. Hilo limefanywa na watu wa INRB na washirika wao, kwenye maabara zilizokuwa karibu na wagonjwa.

Nayasema haya kwa sababu katika jenomiki sisi tulio huku tuna kitu ambacho h haikipimi: tuko mahali ambapo data haipo. Kufikia 2018, kama asilimia 78 ya watu waliokuwa kwenye tafiti za kuhusisha jenomu na magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2. Mwaka 2020 muungano wa H3Africa ulisoma jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kabila, ukapata zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 tu! Ndivyo bara hili lilivyoachwa. Anayefanya kazi katika shamba hili jembe lake linagonga udongo mpya kila siku, ila wasomaji wa kumtaja bado ni wachache, kwa sababu walio kwenye shamba hilo ni wachache.

Hata Mendel alisubiri. Kazi yake ya mbaazi ilitoka 1866 na ilikaa karibu bila kusomwa hadi 1900, naye alikuwa amekufa. Kwa upande wa pili, makala ya Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo na usonji, ambayo The Lancet iliifuta mwaka 2010, imetajwa maelfu ya mara, na wengi waliitaja ili kuikanusha. Mtu anaweza kukutaja kwa kuwa ametumia data zako, au kwa kuwa anakupinga, au kwa kuwa mhakiki amemwambia aongeze marejeo. Hesabu inaziweka zote kwenye kapu moja.

Utaniuliza kama ipo namba iliyo bora. Zipo zinazojitahidi. Taasisi za afya za Marekani, NIH, zina kipimo kinacholinganisha kila makala na nyingine za uwanja wake na mwaka wake: 1 maana yake imetajwa kama makala ya katikati miongoni mwa zile walizozifadhili. Hicho nakipenda kuliko h, kwa sababu hakimlinganishi mtu wa jenomiki, ambako marejeo humiminika, na mtaalamu wa mimea wa Lwiro ambaye uwanja wake mzima una watu wachache. Lakini hata hicho kinapima makala. Kumpima mtu kunataka umsome. Ndicho kilichoandikwa mwaka 2012 katika azimio la San Francisco: usitumie namba ya jarida kumhukumu mtafiti. Eugene Garfield alipounda kipimo cha athari cha jarida, lengo lilikuwa kuchagua majarida. Watu wakaja kukitumia kupandisha vyeo.

Sasa uchaguzi wako. Waandikie wote wawili, kwa heshima, maswali haya: Wanafunzi wako watatu wa mwisho waliomaliza teze wako wapi, na kila mmoja ana makala ngapi akiwa mwandishi wa kwanza? Sampuli za Kivu zitasomwa wapi, na nani atachambua data, mimi au mtu wa maabara yako? Nitaonana nawe mara ngapi kwa mwezi, wewe mwenyewe? Mfuatano utawekwa wapi na kwa jina la nani? Makala 200 kwa miaka 25, kama ndivyo ilivyo, ni makala 8 kwa mwaka, moja kila mwezi na nusu. Kwa mwendo huo profesa hakai na kila mwanafunzi. Wanakaa nao watafiti waliokwisha kumaliza teze. Si vibaya, mradi ujue mapema utakaa na nani.

Usiishie kwenye majibu yao. Andikia pia wanafunzi wao wa zamani, hasa yule ambaye jina lake lilitokea mara moja kisha likapotea. Huyo ndiye mwenye habari.

Kwa hayo uliyoniambia, na kama majibu hayatanionyesha nimekosea, mimi ningemchukua profesa wa Kivu awe promota na kumwomba wa Ulaya awe ko-promota, mkataba wa vyuo viwili ukitiwa sahihi kabla sampuli ya kwanza haijavuka mpaka. Sababu yangu ni hii. Virusi vya mihogo unavyovisoma viko Kabare na Walungu. Atakayekwenda nawe shambani, atakayejua kwamba mwanamke fulani ameacha kupanda aina fulani kwa sababu sombe yake imejikunja, ni mtu wa huku. Na Kalambo, kwenye kituo cha IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, hapako mbali nawe. Kutoka Ulaya utachukua uchambuzi wa data, miezi sita au mwaka, kisha urudi nao. Lakini kama profesa wa kwetu ana tabia ya kukaa wa kwanza kwenye makala za wanafunzi wake, na wapo wa namna hiyo, basi mwache, h yake iwe 9 au 90.

Ukichagua yeyote kati yao, leo usiku jiandikishe ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, ni tarakimu 16, na kuanzia hapo hutagawanywa watu watatu. Na usimlipe mtu anayekuandikia barua akikuahidi kuchapisha makala yako kwa wiki moja. Hata majarida ya kweli yanaweza kutoza ghali ili makala isomwe na wote bure, Nature mwaka 2021 ilianza na euro 9,500, lakini Kongo imo katika kundi la nchi ambazo wachapishaji wengi wakubwa huziondolea malipo kupitia Research4Life. Omba msamaha huo wakati wa kutuma makala. Baada ya kukubaliwa mara nyingi ni kuchelewa.

Na makala yako iliyotajwa mara 3. Zifungue zile tatu, utafute sentensi yenyewe inayokutaja. Kama mmoja wao amekuweka kwenye mstari wa "wengine pia wameona hivyo", sawa, asante kwake. Lakini kama mmoja amechukua mfuatano wako akaupanga kwenye mti wa ukoo wa virusi, au ametengeneza praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, kutokana nao, huyo amejenga juu ya ulichokifanya. Mlipuko mkubwa wa batobato ya mihogo wa Uganda miaka ya 1990 ulitokana na kirusi kilichozaliwa vipande vya virusi viwili vilipoungana. Hilo halikuonekana kwenye jani. Lilionekana kwa kulinganisha mifuatano, na kulinganisha kuliwezekana kwa sababu mtu fulani, kabla, alikuwa amesoma mfuatano wa kirusi cha kawaida na kuuacha mahali wengine wanapoweza kuuona.

Je, mifuatano yako iko GenBank, hifadhidata ya wazi ya mifuatano? Katika barua yako hukusema. Kama haiko, iweke wiki hii, na uandike kijiji au angalau teritwari, tarehe ya kukusanya, na jina la aina ya mhogo kama wakulima wanavyoliita. Namba ya usajili ikitoka, iandike mstari wa kwanza wa barua utakayowapelekea maprofesa wote wawili, juu ya maswali.